Picha kwenye Kiti cha Mjomba

Baraka, 3 Juni 1956

Mjomba Placide,

Nakuandikia nikiwa uani. Mama amekaa kando yangu anachambua maharagwe na kunitajia la kuandika, kwa hiyo ukikuta mahali sauti imekuwa kali, ujue ni yake. Sisi sote wazima. Baba alishikwa na homa wakati wa kupalilia pamba, sasa amepona na anaingia tena ziwani kuvua ndagala. Kaka Raphaël amepata kazi kwenye kituo cha pamba. Shangazi Georgette wa Nundu ana mimba tena, na miguu imemvimba. Yule mbuzi mweupe uliyetuachia amezaa.

Kadi yako yenye picha ya meli ilifika. Watu wa hapa bado wanashangaa kwamba Bwana Lambert, mnunuzi wa pamba wa Baraka, ahamishiwe Japani, na Madame akatae kwenda bila wewe, mpishi wake. Raphaël aliisoma kadi mbele ya wote. Baba ameamua iwe hivyo daima: barua zako atazichukua Raphaël, atazifungua yeye na kuzisoma uani, ili kila mtu asikie mara moja na asiwepo wa kusema amefichwa.

Sasa maneno ya mama. Norbert, karani wa mizani ya pamba, ameleta posa yangu tangu Pasaka. Ndiye mkubwa wa Raphaël kazini. Wazee wamepokea majembe ya mahari, na ng'ombe aliyemnunua kwa Azarias wa milimani amefungwa nyuma ya jiko. Kilichobaki ni kiti. Katika ukoo wetu binti haendi kwa mume mpaka mjomba wake akae kitini, aulizwe na ajibu. Mjomba ninaye mmoja, na huyo mmoja yuko Japani. Mama anauliza unarudi lini. Anasema utaje mwezi, usiandike "karibuni".

Kwa upande wangu sina la kuongeza, ila Sista wa shuleni ametuambia kwamba Osaka ni mji wa viwanda na madaraja, wenye treni inayopita chini ya ardhi. Utuandikie kama ni kweli. Na usiutazame mji kwa haraka, Mjomba. Mji mkubwa hivyo unahitaji muda mrefu.

Mwipwa wako,
Dorothée


Osaka, 15 Julai 1956

Kwa shemeji Bonaventure, yaya Marthe dada yangu mkubwa, na ninyi nyote mliokaa uani mkimsikiliza Raphaël,

Nawasalimu mmoja mmoja kwa jina, na asiyeona jina lake ajue karatasi ni ndogo. Georgette alale miguu imeinuliwa juu ya mto. Mbuzi mpeni chumvi. Mimi mzima. Habari za huku ni vitunguu: Madame anataka supu yake ya vitunguu, na vitunguu vya Japani vina utamu usio na kazi kwenye supu, basi tunagombana mimi na sufuria.

Mnajua mimi si mtu wa kutembeatembea. Miaka yote Baraka sikupanda kilima chochote ila cha kanisa, na hicho kwa sababu Marthe alikuwa nyuma yangu. Hapa pia nilikuwa nimeamua kuishia sokoni na jikoni. Lakini mwipwa ameuliza, basi Jumapili nikavaa viatu. Mfukoni niliweka karatasi yenye anwani ya nyumba kwa maandishi yao, nikipotea nimwonyeshe polisi.

Treni ya chini ya ardhi ni kweli. Unashuka ngazi ukidhani unaingia kisimani, unakuta chini pakavu na pana taa nyingi kuliko juu. Watu wamesimama kimya na magazeti yao. Walinitazama, nikawatazama, mpaka sote tukachoka. Nikatokea kwenye duka moja la ghorofa nyingi. Mlangoni wasichana wenye glovu nyeupe wakainama. Niligeuka nyuma kuona ni mkubwa gani anaingia, nikakuta hakuna, waliniinamia mimi. Ngazi za duka hilo zinapanda zenyewe, wewe unasimama tu kama gunia. Juu ya paa wameweka bustani, na ndani ya kizimba wameweka nyani, na watoto wanalipa ili wamwone. Yaya Marthe, wale nyani wanaomaliza mahindi yako kule Lubondja wangekuja hapa wangepata mshahara.

Jambo jingine, yaya, usikasirike. Kwenye mtaa wa wauza nguo niliona marobota ya pagne, vitenge vya kwetu, yanafungwa kwenda Kongo, na juu kabisa ilikuwa ile yako yenye picha za kasuku, ambayo uliwaambia bamama wa Lweba kwamba imetoka Ulaya. Imetoka hapa. Pengine hata pamba yake ni ya Bonaventure.

Kuhusu kiti, nimesikia. Nimekumbuka siku ya Marthe, mjomba wetu Fabien alipokaa. Babu Jacques, mzee wa ukoo, alimwuliza mara ya kwanza, Fabien kimya. Mara ya pili, kimya. Bonaventure akaanza kutoka jasho, maana mjomba akinyamaza mara tatu amekataa, na hakuna wa kumlazimisha. Kumbe alikuwa na tonge la bukari mdomoni. Alimeza, akajibu, na shemeji akapata mke.

Mwezi siwezi kuutaja. Kazi ya Bwana Lambert hapa itaisha mwakani, kisha wanarudi kwao Ubelgiji, na ameahidi kunichukua. Nimepika chakula cha nchi ile nusu ya maisha yangu bila kuiona. Ninatamani kuiona, nasema kweli, kuliko nilivyowahi kutamani kitu.

Dorothée, umenipa habari za watu wote mpaka za mbuzi. Za Norbert hukunipa. Huyo karani hajambo?

Placide


Nundu, 26 Agosti 1956

Mjomba,

Barua hii sikuiandika uani. Niko Nundu kwa shangazi Georgette, amejifungua mtoto wa kiume, wote wawili wazima, na miguu imerudi kuwa miguu. Mchana namfulia nepi. Sasa mtoto amelala, nami nimepata nafasi. Nitaipeleka mwenyewe kwa Sista aitume.

Uliuliza habari za Norbert. Raphaël aliposoma swali lako, Norbert alikuwepo. Akajibu kwamba hajambo, na kwamba Dorothée naye anakusalimu sana. Mimi nilikuwa nimekaa palepale.

Ndivyo alivyo. Si mlevi, hapigi mtu, na wakulima wanasema mizani yake haiibi. Kila mtu ananiambia ni mtu mwema, na mimi sina ushahidi mwingine. Lakini ananisemea. Padri akiniuliza nimefika darasa la ngapi, anajibu Norbert. Mama akiniuliza kama nimeshiba, anajibu Norbert. Siku moja mwuza chumvi aliniuliza ninaitwa nani, akajibu yeye, tena jina la ukoo akalikosea. Nitaishi hivyo hadi uzee. Simtaki, Mjomba. Nimeshaandika.

Nilimwambia mama. Hakunifokea. Aliniangalia tu, akasema, "Mwanamuke banamuulizaka nini? Ni mujomba banaulizaka." Basi nakuambia wewe, kwa kuwa ndiwe unayeulizwa.

Ukija sasa, utakaa kitini, watu watajaa, chakula kitakuwa kimepikwa, na ng'ombe atakuwa analia nyuma ya jiko. Hakuna mjomba wa kwetu aliyewahi kufungua mdomo mbele ya haya yote akasema hapana. Wewe pia hutaweza, nakupenda lakini nakujua. Usipokuja, hakuna ndoa. Kwa hiyo kaa huko. Tazama mji. Ukimaliza, anza tena mwanzo.

Unajua nani anazifungua barua zako, kwa hiyo usinijibu waziwazi. Nijibu kwa namna ambayo mimi tu nitaielewa.

Dorothée


Osaka, 7 Oktoba 1956

Kwa nyumba nzima ya Bonaventure,

Salamu zangu ziwafikie mkiwa wazima. Nimefurahi kusikia kwamba Georgette amepata mtoto. Huku baridi imeanza kuja. Madame amenipa koti la zamani la Bwana Lambert, mikono yake inafika kwenye vidole vyangu, nikikoroga mchuzi naikunja.

Nimeendelea kutazama mji, kwa kuwa naambiwa ni mkubwa. Kuna ngome ya mtawala wa zamani, juu ya mawe ambayo sijui waliyabeba kwa mabega gani. Moja tu lingejaza uwanja wetu. Nikasema hapa nitaona mambo ya wazee. Ndani nikakuta saruji na lifti. Iliungua, wakaijenga upya. Nililipa kiingilio cha ngome nikapandishwa kwa mashine, na juu nikakuta wanafunzi wengi wanakula wali kutoka kwenye visanduku.

Halafu nikaingia kwenye nyumba ya michezo ya sanamu. Sanamu moja inashikwa na wanaume watatu, mmoja kichwa na mkono, mmoja mkono wa pili, mmoja miguu, nao hawajifichi, unawaona. Hata hivyo baada ya muda unawasahau. Sanamu analia, anashona, anafunga mkanda, na mimi mtu mzima nikasahau kwamba ni mti.

Ila haisemi. Pembeni amekaa mzee mmoja na kitabu, ndiye anayewasemea wote, wanaume kwa wanawake. Alikuwa na sauti nzuri na watu walimpigia makofi. Mimi peke yangu sikumpenda. Palikuwa na sanamu ya msichana mbele, ameinamisha kichwa, na yule mzee anamwekea maneno mdomoni bila hata kumtazama. Nilitaka anyamaze kidogo, ili nione msichana angesema nini. Niliondoka kabla ya mwisho.

Mwezi wa kurudi bado sijui. Kuna mnara unajengwa mjini, karibu utafunguliwa. Ningependa kuuona.

Placide


Baraka, 18 Novemba 1956

Mjomba Placide,

Tuko uani tena, mama na maharagwe yake. Wote wazima. Mvua imekuja vizuri na baba amepanda pamba. Mama amesema kwanza niandike kwamba pagne ya kasuku aliinunua kwa Mgiriki, na Mgiriki ndiye aliyesema Ulaya, yeye alirudia tu.

Kisha anasema hivi: mnara ni kitu gani? Ng'ombe wa Norbert amekula maharagwe ya jirani na sasa tunagombana na jirani. Norbert anangoja kwa adabu, lakini ndugu zake wameanza kuuliza kama mjomba yupo au ni hadithi. Babu Jacques ameitwa kutoka Lubondja. Amekaa hapa siku kadhaa, amekula vizuri, na amekumbuka jambo. Wakati wa vita vya Tabora mjomba mmoja wa ukoo alichukuliwa kubeba mizigo ya askari, na mwipwa wake alikuwa anaolewa. Kofia yake ikawekwa kitini. Kwa kuwa kofia haina mdomo, ndugu mmoja akaisemea, na ndoa ikapita.

Basi tuma kofia yako. Itakaa kitini, na Raphaël ataisemea. Baada ya hapo unaweza kupanda minara yote.

Mwisho wa maneno ya mama. Ameingia jikoni, naongeza haya machache. Nilisikia habari ya msichana wa mti. Nilielewa. Lakini ulitoka kabla ya mwisho, Mjomba, na mimi sina mlango wa kutokea. Nimekasirika nawe kidogo.

Dorothée


Osaka, 23 Desemba 1956

Kwa shemeji Bonaventure, yaya Marthe, Babu Jacques kama bado yuko mezani, na wote,

Nawatakia Krismasi ya amani, ingawa mtaisoma Krismasi imeshapita. Mimi mzima, isipokuwa masikio, yanauma kwa baridi. Ndiyo sababu ya kwanza ya kutotuma kofia. Ninayo moja.

Nimeupanda ule mnara. Umekaa katikati ya mitaa ya migahawa na sinema, miguu yake wazi na barabara inapita kati. Juu kuna vioo pande zote. Nikaona mji wote: moshi wa viwanda, mito iliyonyooshwa kama mifereji ya mpunga, madaraja, mapaa yasiyoisha mpaka baharini. Hakuna kipande cha nchi kisicho na mtu. Nikamwuliza mlinzi kwa kidole Afrika iko upande gani, akafikiri, akanionyesha kwenye moshi. Nilisimama hapo muda mrefu. Niliona upweke, naandika wazi, wala sioni haya.

Chini ya mnara yuko mpiga picha. Nimepigwa picha, nimeomba ikuzwe, na nimeiweka kwenye fremu ya mbao. Mtaipata pamoja na barua hii. Ni bora kuliko kofia. Kofia ni nguo tu, lakini hapa mna uso wangu, mikono yangu na viatu vyangu. Mpiga picha alinionyesha kwa ishara kwamba nicheke. Nilifunga mdomo.

Iwekeni kitini kwa heshima. Mnipe maji ya kunawa kama mtu aliyefika. Raphaël nampenda, ni kijana wa shule, lakini asinisemee. Sijawahi kusemewa na mtu tangu nizaliwe, na Babu Jacques ananijua. Aniulize mwenyewe, kama desturi.

Placide


Baraka, 10 Februari 1957

Mjomba,

Naandika jikoni, mlango nimeufunga. Sisi wazima, kama inawezekana kuita hivi uzima. Ngoja nikueleze kwa utaratibu.

Picha ilifika bila kuvunjika. Nyumba ilifurahi sana. Mama aliibeba kifuani mpaka kwa bamama wa Lweba, akawaambia hiyo fremu ni ya Ulaya. Baba akatangaza siku. Walikuja ndugu zetu wa Nundu na Lubondja, na ndugu za Norbert kutoka Fizi wakiwa na kreti za bia. Kiti kiliwekwa katikati, wewe juu yake, umevaa koti la Bwana Lambert. Constance wa jirani alikushikia bakuli la maji ya kunawa, akanyunyiza kidogo kwenye kioo, akapangusa. Hakuna aliyecheka. Walikupa heshima zote ulizoomba.

Babu Jacques akasimama mbele yako. Unajua masikio yake siku hizi. Akauliza kwa sauti ya kuita mtumbwi: "Mujomba Placide, huyu mutoto wetu anaenda kwa Norbert. Unakubali?" Kisha akainama, akaweka sikio karibu kabisa na kioo, akangoja. Raphaël akafungua mdomo. Babu akamwinulia mkono bila kumtazama.

Akauliza mara ya pili. Akainama tena. Hapo watu wakaanza kutazamana. Nikaona baba anafuta shingo. Sijui kama alikumbuka siku yake, mimi niliikumbuka kwa ajili yake.

Mara ya tatu Norbert mwenyewe akajibu. Alisema, "Anakubali, Babu." Alisema kwa upole, kama anavyosema daima.

Babu Jacques akageuka. "Nilikuuliza weye?"

Raphaël akasema kwamba wakati wa vita kofia ilisemewa, basi na picha isemewe. Babu akamjibu, "Kofia haikuwa na mudomo. Huyu iko na mudomo, ule pale, ameufunga." Raphaël akajaribu tena, akasema labda mjomba alijibu na Babu hakusikia. Babu akamwambia, "Mi niko na masikio mabaya, kweli. Yako ni mazima. Ulisikia? Sema hapa mbele ya baba yako." Raphaël akaangalia chini. Hakusema amesikia. Kwa hilo nimemsamehe mengi.

Babu akarudi kwenye kiti chake, akaketi, akasema mjomba ameulizwa mara tatu na amenyamaza mara tatu. Akaomba chakula chake, na hakuna aliyempelekea.

Zogo lilikuwa kubwa. Ndugu za Norbert wanasema karatasi haiwezi kukataa mtu. Babu anasema asubuhi mliipa karatasi hiyo maji ya kunawa. Mwishowe wamepatana hivi: uje mwenyewe, kabla ya mauzo ya pamba kwisha mwaka huu, useme neno lako kwa mdomo. Usipokuja, picha itaondolewa, Raphaël atakaa kitini, na Raphaël atasema ndiyo. Ng'ombe amebaki nyuma ya jiko akingoja.

Mjomba, nilikuambia ukae huko. Nilidhani umbali wako utanitosha. Hautoshi. Sasa nakuomba urudi, na najua ninachokuomba, nilisikia uliyoandika kuhusu Ubelgiji. Ukienda Ubelgiji sitakuchukia. Lakini mimi nitaolewa.

Nilikuangalia sana pale kitini. Asante kwa kufunga mdomo.

Dorothée


Baraka, 12 Mei 1957

Mjomba,

Wazima wote. Mtoto wa Georgette ameota meno mawili. Ndagala ni wengi.

Hatujapata barua yako tangu picha. Raphaël anakwenda kuuliza kila wiki, anarudi mikono mitupu, na sasa yeye ndiye anayesikitika zaidi kwa sababu uani hakuna cha kusoma. Sista anasema barua huchelewa. Mimi pia nasema hivyo wengine wakiuliza.

Wewe bado uko kitini. Babu Jacques alisema mjomba aliyekaa haondolewi mpaka siku ya mwisho waliyopatana, au ainuke mwenyewe. Basi kiti kimeingizwa sebuleni na hakuna anayekikalia, hata wageni wanakaa mkekani. Mwanzoni mama alikugeuza uso ukutani kwa hasira. Siku iliyofuata alikurudisha. Asubuhi akifagia anakusemesha, nimemsikia. Anakuambia wewe ni mtu wa kichwa kigumu tangu utoto. Juzi alikaa mkekani mbele yako muda mrefu, kisha akaniita. Aliniuliza kama bado simtaki Norbert. Nikasema bado. Akainuka, akachukua ufagio. Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza.

Pamba imeanza kufunguka.

Dorothée


Kigoma, 16 Juni 1957

Kwa nyumba ya Bonaventure. Raphaël, soma polepole na usiruke mstari.

Nawasalimu kutoka karibu. Niko Kigoma, ng'ambo ya ziwa lenu. Treni ya kutoka Dar es Salaam imenichosha kuliko bahari. Nimelala kwa Mmanyema mmoja mwuza samaki, nimekula mikeke, samaki wa ziwa letu, kwa mara ya kwanza tangu niondoke, nikalia kidogo, akadhani ni pilipili. Barua hii ninampa nahodha wa mashua ya chumvi, atanitangulia. Mimi nangoja meli.

Sikuwaandikia tangu Krismasi kwa sababu sikuwa na la kuandika. Nilikuwa na masanduku mawili chumbani, moja la Ubelgiji na moja la nyumbani, na nguo zangu nikizihamisha kutoka hili kwenda lile. Bwana Lambert alikuwa ameshalipa nafasi yangu melini. Siku zile sikutembea popote, mji wote ule mlangoni, nikakaa jikoni. Mwishoni Madame alilia, nadhani ni kwa ajili ya supu. Waliondoka bila mimi. Sikupenda kuiacha safari ile, shemeji, na sitajifanya nilipenda. Inaniuma mpaka sasa nikiandika.

Norbert, kama uko hapo, salamu. Hujanikosea kitu. Wakulima wanakusifu, na ninawaamini. Ng'ombe wako, ukirudishiwa, utamkuta mnene, kwa jinsi nilivyosikia kuhusu maharagwe ya jirani.

Babu Jacques, utaniuliza, na safari hii utasikia, maana nitapiga kelele. Lakini nakuambia mapema nitakalosema, usije ukashangaa mbele ya watu. Nitasema swali hili mmelileta kwa mtu asiyehusika. Mimi siendi kuishi na Norbert. Nimesafiri kutoka Osaka ili niseme maneno haya tu: mwulizeni Dorothée. Atakalojibu, ndilo jibu la mjomba, liwe ndiyo au liwe hapana, na mtu asimsemee, hata mimi.

Yaya Marthe, nimekaa vya kutosha. Niondoe pale, unitundike ukutani au uniweke chini ya kitanda, upendavyo. Kiti ukifute vumbi na ukitoe nje, kikae mahali pake katikati. Dorothée atakikalia. Mimi nina sanduku, nitakaa juu yake.

Placide